Mgonjwa Kwenye Ukuta wa Tanuri

Ilikuwa mwaka 2014, katikati ya kipupwe, majira ambayo maji ya bomba asubuhi huuma vidole kama yana meno. Siku hizo daktari wa meno alisafiri kwenda kwenye mafunzo ya wiki mbili, akamwachia mpokezi wake vitu vitatu: funguo za kliniki, daftari la miadi, na Jemadari.

Jemadari alikuwa samaki wa mapambo wa aina ya beta, mwekundu tangu kichwani hadi mkiani, mwenye mapezi marefu yaliyomfuata kama vazi la sherehe. Aliishi peke yake ndani ya bakuli la kioo juu ya meza ya mapokezi, kwa sababu samaki wa aina yake hawavumilii mwenzao. Kazi yake ilijulikana kwa wagonjwa wote. Mtoto alipogoma kufungua kinywa, daktari alitoka naye hadi mapokezi, akakiegemeza kwenye bakuli kile kioo kidogo chenye mpini cha kutazamia magego. Jemadari alipoiona sura yake alidhani ni adui. Alitanua mashavu, akayakunjua mapezi yote, akavimba kwa ghadhabu hadi mtoto akaachama kwa mshangao. "Hapo hapo," daktari alizoea kusema, "usifunge."

Mwanamke aliyefanya usafi katika kliniki hiyo aliitwa Bi Usafi. Mpokezi ndiye aliyembandika jina hilo, nusu kwa sifa, nusu kwa kejeli, kwa maana mwanamke huyo hakupangusa kitu bali alikisugua. Alisugua vitasa, alisugua miguu ya viti, na siku moja alikutwa akisugua swichi ya taa kwa mswaki. Alikuwa katika mwezi wa mwisho wa majaribio ya miezi mitatu, na daktari alikuwa amemwambia kwamba mkataba wake ungeamuliwa atakaporejea. Mume wake alikuwa fundi viatu. Viatu vya watu viliwapatia chakula, lakini kodi ya vyumba vyao viwili ilitoka kliniki. Mkataba ukikosekana, wangehama.

Siku ya Jumanne mpokezi aliinua macho kutoka kwenye simu yake, akasema, "Mama, na hilo bakuli mbona limekuwa kama chai ya rangi? Litazame basi."

Bi Usafi alilitazama. Maji yalikuwa ya kahawia hafifu, na chini kulilala jani kavu lililooza pembeni. Aliona haya, kana kwamba mgeni ameingia na kukuta vyombo vya jana havijaoshwa. Akamteka samaki kwa kikombe, akamwaga maji yote, akalitupa jani, akalisugua bakuli kwa sabuni ya unga na maji ya moto, akalisuuza mara tatu, kisha akalijaza maji ya bomba yaliyotoka moja kwa moja. Kioo kikang'aa hata kikawa kama hakipo.

"Haya ndiyo mambo!" alisema mpokezi.

Kufikia Ijumaa Jemadari alikuwa amelala chini ya bakuli, ubavu mmoja juu. Mapezi yake yalikuwa yamekunjamana kama mwavuli uliofungwa, na kingo zake zilikuwa zimeingia weusi na kuchanika vipande vipande. Chakula kilielea juu bila kuguswa. Mpokezi alikigonga kioo kwa ukucha wake mrefu. Samaki alijongea kidogo, akatulia.

"Mama, umemfanya nini huyu?"

"Nimemsafishia. Si uliniambia?"

"Nilikwambia ulitazame bakuli, sikukwambia umwoshe kama sufuria! Sikiliza, mimi nina miaka mitatu hapa. Daktari akirudi akikuta maiti, sitakubali jumba bovu liniangukie mimi. Mchukue. Wagonjwa wasimwone hivi. Nitasema yuko kwa mtaalamu."

"Mtaalamu gani?"

"Wewe," alijibu mpokezi, akageukia simu iliyokuwa ikilia.

Basi Bi Usafi alirudi nyumbani jioni ile kwa miguu, amekumbatia chupa ya kioo yenye mdomo mpana, amemfunika samaki kwa kilemba chake. Mitaa miwili kabla ya kwake alipita mbele ya genge la mboga, na wanawake waliokuwa wakipanga nyanya wakamwona, maana kilemba kilikuwa kimeteleza.

"Jamani, jirani! Kitoweo kimoja tu na nyumba ina watu watatu?"

"Huyo ni wa kunusa," mwingine alidakia. "Kila mtu anapewa zamu."

Walicheka vizuri, bila ubaya. Bi Usafi naye alijitahidi kucheka, lakini kicheko hakikushuka zaidi ya meno.

*

Nyumbani, mume wake aliiweka chupa juu ya kigoda chake cha kazi, katikati ya visigino na misumari, akaitazama kwa muda kama atazamavyo kiatu kilichokuja kikiwa kimekufa soli.

"Huyu amekwisha," alisema. "Mke wangu, tusidanganyane. Kesho nenda pale dukani wanapouza samaki wa mapambo, nunua mwekundu mwenzake, mtie bakulini. Samaki ni samaki. Nani amjuaye kwa sura?"

"Daktari."

"Daktari anatazama meno. Samaki huyo ana meno?"

Kutoka chumba cha pili ikasikika sauti ya mamamkwe. "Hicho mnachokigombania kinaliwa au hakiliwi?"

"Hakiliwi, mama," alijibu mwanawe.

"Basi kimekuja kufanya nini kwangu?"

Bi Usafi hakulala vizuri. Asubuhi alitoa fedha alizokuwa akizitunza ndani ya soksi kwa ajili ya miwani yake mwenyewe, akaenda dukani. Mahali hapo palikuwa pembamba kama ujia, pamejaa visanduku vya kioo kutoka sakafuni hadi darini, na sauti ya mapovu ilikuwa kama ya sufuria nyingi zinazochemka polepole. Mwenye duka alikuwa mzee mwembamba aliyetundika wavu mdogo begani. Alimsikiliza, akaenda nyuma, akarudi na kikopo ambamo samaki mwekundu alizunguka kwa majivuno.

"Huyu hapa. Pacha wake," alisema, akataja bei. Ilikuwa karibu fedha zote za soksi. Bi Usafi alianza kuzihesabu.

"Pole kwa msiba," mzee alisema. "Wa kwanza alikufa lini?"

"Bado hajafa."

Mzee alikivuta kile kikopo nyuma. "Hajafa? Basi mama unanunua sanda na mgonjwa angali anapumua! Ana nini?"

Akamweleza. Alipofika kwenye sabuni ya unga, mzee alishika kichwa. Alipofika kwenye jani, alikaa kabisa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Jani la rangi gani? La kahawia, pana kama kiganja? Mama, lile ni jani la mti wa mkungu! Lile ndilo lililoyafanya maji yawe kama chai, na chai hiyo ni dawa yake. Umeichukua dawa ya mgonjwa ukaitupa jaani, halafu ukamtia katika maji mapya ya bomba yenye dawa ya kuulia wadudu, tena ya baridi. Huyu hafi kwa uchafu. Anakufa kwa usafi."

Aliyasema hayo kwa sauti kubwa, na wateja wawili waligeuka kumtazama mwanamke aliyemwangamiza samaki kwa usafi. Bi Usafi alihisi masikio yake yakichemka. Angeweza kuondoka. Lakini aliuliza, "Sasa nifanye nini, mzee wangu?"

Sauti ya mzee ikalegea. Alimwambia achote maji na kuyaacha wazi kwenye ndoo mchana na usiku, ili ile dawa ya bomba iruke. Kila siku aondoe theluthi ya maji ya mgonjwa, aongeze hayo yaliyolala. Atie chumvi ya mawe isiyochanganywa na kitu, robo kijiko cha chai kwa kila lita, mara moja tu kwa maji ya kwanza. Halafu kwa yale maji ya kuongeza, atie kwa kipimo hicho hicho. Atie jani kavu la mkungu. Amnyime chakula siku mbili, kisha ampe punje mbili kwa siku, si tatu. Na zaidi ya yote, joto: nyuzi ishirini na sita, usiku na mchana, bila kupanda na kushuka.

"Ninacho chombo cha umeme cha kupashia maji," aliongeza, akataja bei ambayo ilimfanya Bi Usafi afunge mfuko. "Basi chukua kipimajoto hiki cha kioo, ni cha bei ya peremende. Majani nakupa matano bure. Joto litafute mwenyewe."

*

Ndani ya vyumba vile viwili joto lilikuwa mahali pamoja tu. Chumba cha mamamkwe kilipakana na kiwanda kidogo cha mikate, na tanuri la kiwanda hicho lilijengwa likauegemea ukuta wao. Halikuzimwa ila siku za sikukuu. Kwa hiyo ukuta ule ulikuwa na uvuguvugu wakati wote, hasa pale chini penye ukubwa wa mlango wa kabati, na hapo ndipo mamamkwe alipokiweka kitanda chake. Magoti yake yaliyovimba aliyabana ukutani kila usiku wa kipupwe. Hakuna aliyewahi kumwomba mahali hapo, hata mwanawe alipougua homa.

Bi Usafi alisimama mlangoni ameshika chupa. "Mama, nina ombi, na sijui nilianzeje."

"Anza lilivyo."

"Naomba ukuta."

Bibi kizee alimtazama, akaitazama chupa, akautazama ukuta. "Magoti yangu yaondoke, samaki aingie?"

"Kwa mausiku tisa. Mpaka daktari arudi. Akifa huyu, mama, sina kazi. Na nisipokuwa na kazi, ukuta wenyewe hatutakuwa nao."

"Kumbe umekuja na vitisho."

"Nimekuja na ukweli."

Mamamkwe aliyapapasa magoti yake. Alikuwa mwanamke ambaye kwa miaka saba hakumsifia mkwewe kitu, isipokuwa mara moja, alipomwambia kwamba hajapata kuona nzi ndani ya nyumba hiyo. "Sawa," alisema mwishowe. "Lakini sitoi, nakopesha. Mausiku tisa ya ukuta ni jioni tisa za kunikanda magoti kwa maji ya moto na chumvi. Si sasa, una mgonjwa. Utanilipa akipona au akifa. Umekubali?"

"Nimekubali, mama."

"Sogeza kitanda. Na hayo maji unayotaka yalale, usingoje kesho. Chukua kwenye ndoo yangu ya kunywa. Mimi sinywi maji yanayonuka bomba, huyaacha wazi tangu jana yake."

Mume alirudi akakuta kitanda cha mama yake kiko katikati ya chumba, kigoda chake cha kazi kiko ukutani, juu ya kigoda iko chupa, na ndani ya chupa jani la mkungu linaelea kama mashua. Alikuna kichwa. "Na mimi nitashonea wapi?"

"Sakafuni," wanawake walijibu kwa pamoja.

Kipimajoto kilipanda kikatulia kwenye ishirini na sita. Maji yakaanza kuwa na rangi ya chai.

*

Bi Usafi alipokwenda kazini, zamu ilikuwa ya mamamkwe. Alikaa kitako na magoti yake yamefungwa blanketi, akamlinda samaki kwa ukali uleule aliomlindia mwanawe utotoni. Jumatatu alitoa taarifa kwamba mgonjwa amegeuka ubavu. Jumanne mgonjwa alipanda juu, akavuta pumzi, akameza punje zake mbili. Bi Usafi aliyatazama mapezi kwa tochi ya simu. Weusi wa kingo ulikuwa umesimama, haukuendelea. Jioni hiyo alipika akiimba, na mume wake akamwuliza kama mshahara umepandishwa.

Jumatano alirudi akamkuta Jemadari akielea upande, tumbo limemvimba kama mbegu ya embe, magamba yamesimama. Alitazama kipimajoto: ishirini na sita. Alionja maji. Alihesabu punje kwenye kopo. Hakuelewa. Akakaa kwenye kitanda cha mamamkwe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kukaribishwa.

"Nimefanya kila kitu," alisema. "Kila alichoniambia yule mzee."

Mamamkwe alikuwa akiuchezea upindo wa blanketi. "Ni mimi," alisema.

"Wewe nini, mama?"

"Nilimpa mkate. Alinitazama. Punje mbili kwa kutwa nzima, mtu mzima mwenye hasira kama yule! Nikamfikichia kipande kidogo cha kiwandani, cha moto moto. Alikila chote. Nikaongeza."

Bi Usafi alisimama. Maneno yalimjaa kinywani, maneno ya miaka saba, tena mengine hayakuhusu samaki. Bibi kizee aliyangoja. Hakujitetea, hakusema kwamba hakuelezwa, hakusema kwamba ni samaki tu. Alikuwa ameinua uso kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Na Bi Usafi akaiona mikono yake mwenyewe ikilisugua bakuli la kioo kwa sabuni, kwa moyo mweupe kabisa, ikimsuuza yule kiumbe kuelekea kifo.

"Ulimhurumia," alisema.

"Nilimhurumia."

"Na mimi nilimsafisha." Aliketi tena. "Basi tumefanana, mama."

"Usiniletee mengi. Anapona au haponi?"

Bi Usafi alitoka mbio hadi dukani, akamkuta mzee akifunga. Mzee alisikiliza habari ya mkate bila kucheka, akasema hakuna dawa ila njaa: siku tatu kamili bila punje hata moja, maji safi yaliyolala, joto lilelile. "Akiishi hadi Jumamosi, ataishi."

Zilikuwa siku tatu ndefu. Mamamkwe aligeuza kiti chake akampa samaki kisogo, asije akatazamwa tena. Kila baada ya muda aliuliza bila kugeuka, "Yupo?" Na aliyekuwepo alijibu, "Yupo." Alhamisi tumbo lilikuwa vilevile. Ijumaa, mume, ambaye alikuwa ameapa kwamba jambo hilo halimhusu, alionekana amepiga magoti mbele ya kigoda, mdomoni ameshika misumari mitatu, akinong'ona, "Ee bwana, jikaze." Jumamosi asubuhi tumbo lilikuwa limenywea. Jemadari alizunguka chupa mara mbili, akasimama mbele ya kioo, akalidonoa jani kwa dharau.

"Yupo?" aliuliza mamamkwe.

"Yupo, mama. Tena anataka ugomvi."

*

Jumatatu Bi Usafi alifika kliniki kabla ya saa mbili. Mpokezi alimpokea mlangoni, akaichungulia chupa.

"Anaishi! Lakini mama, tazama mapezi, kama kitambaa kilicholiwa na panya. Sikia, nimeshapanga. Tutasema aliugua tu, mwenyewe, ghafla. Wewe nyamaza, mimi nitasema."

"Tuseme ulivyopanga, halafu mwezi ujao mwingine alisafishe bakuli kwa sabuni?"

"Mama, leo ndiyo siku ya mkataba wako!"

"Najua ni siku gani."

Daktari aliingia na begi lake mkononi. Alisalimu, akaenda moja kwa moja kwenye meza ilipowekwa chupa, akainama. Aliyatazama yale mapezi yaliyochanika kama atazamavyo jino ambalo lingeokolewa kama lingeletwa mapema.

"Nani alikuwa naye?"

Mpokezi alifungua kinywa. Bi Usafi akamtangulia.

"Mimi, daktari. Niliosha bakuli kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Nilimtia kwenye maji ya bomba, tena ya baridi. Na lile jani nililitupa; nilidhani ni taka. Akaugua sana. Nimemtibu nyumbani kwa mausiku tisa."

"Na tumbo? Naona magamba yalisimama."

"Alipewa mkate." Aliitazama chupa. "Nyumbani kwangu. Kwa hiyo na hilo ni langu."

"Kwa nini hukununua mwingine? Watu wengi wangenunua."

"Nilikwenda kununua. Mwenye duka alikataa kuniuzia mwingine, huyu angali hai."

Mpokezi alifunga macho. Daktari aliweka begi lake chini. Kisha alitoa kile kioo kidogo chenye mpini, akakiegemeza kwenye chupa. Jemadari alikitazama. Polepole, kama mzee ainukaye kitini, alitanua mashavu, akayakunjua mapezi yake yaliyobaki, matambara yote, akavimba. Kwenye kingo, chini ya weusi, ulionekana utando mpya, mwembamba na angavu kama ukucha wa mtoto mchanga.

"Yanaota," daktari alisema kwa sauti ndogo. Akajinyoosha. "Habari ya jani sikumweleza mtu yeyote. Hilo ni kosa langu. Habari ya sabuni ni kosa lako, na umelisema. Miezi ninayoweza kukupa sasa ni sita, si mwaka, kwa sababu kliniki yenyewe inahema. Lakini Jemadari atakuwa mikononi mwako, na nitaandika hivyo kwenye karatasi, ili asipatikane mtu wa kumsukumia mwenzake." Alimtazama mpokezi, ambaye aliinamia daftari la miadi kwa bidii isiyo ya kawaida.

Miezi sita ilikuwa kodi ya miezi sita. Bi Usafi alitia sahihi akiwa ameinamisha uso karibu na karatasi, kwa kuwa miwani ilikuwa bado haijanunuliwa.

*

Kitanda kilirudi ukutani jioni ileile. Mume alirudishiwa kigoda chake, akakuta chupa imeacha juu yake duara jeupe la chumvi ambalo alikataa lipanguswe. Na Bi Usafi akaleta beseni la maji ya moto, akatia chumvi, akakunja mikono ya gauni, akaanza kulipa.

Jioni ya kwanza mamamkwe alilalamika kwamba maji ni ya moto mno. Jioni ya pili, kwamba yamepoa. Ya tatu alizungumza juu ya mama yake mwenyewe, jambo ambalo hata mwanawe alilisikia kwa mara ya kwanza. Ya nne alitaka habari za Jemadari, ameamkaje, amekula ngapi. "Mbili," alijibu Bi Usafi. "Wanamwonea," alisema bibi kizee. Ya tano na ya sita mvua ya baridi ilinyesha, na hawakusema mengi.

Jioni ya saba Bi Usafi alichelewa kazini, akaingia amechoka, akaweka beseni chini bila hata kuvua viatu. Mamamkwe aliurudisha mguu wake chini ya blanketi.

"Pumzika leo. Mbili zilizobaki na hii ya leo, nimekusamehe zote. Mgonjwa wako alinipunguzia upweke, tuhesabu hivyo."

"Hapana, mama. Hatukukubaliana hivyo."

"Anayedai ni mimi, na mimi nimesamehe."

"Nami sikuomba kusamehewa. Nilikopa tisa, nitalipa tisa. Toa mguu."

Bibi kizee alimtazama mkwewe kwa kitambo. Kisha, kwa mara ya pili katika miaka saba, alimsifia. "Una kichwa kigumu," alisema, "kama cha kwetu." Akautoa mguu.

Bi Usafi alichovya kitambaa, akakikamua, akalifunika goti la kushoto.

"Ya saba," alisema.